Muziki wa filamu za kauboi: msizibeze rekodi mpya

Ndugu Mhariri,

Makala ya mwandishi wenu wa sanaa kuhusu rekodi mpya za muziki wa filamu za zamani za kauboi nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama palepale: pale anaposema kwamba kuurekodi upya muziki ule ni kutengeneza nakala isiyo na uhai, na kwamba yeye anatosheka na rekodi halisi ya The Magnificent Seven, santuri ya mwaka 1966 aliyorithi kwa baba yake. Naomba nafasi nimjibu. Santuri hiyo nami ninayo, nimeicheza mpaka imeanza kukwaruza, na ninaipenda. Lakini si rekodi halisi.

Filamu yenyewe, iliyoongozwa na John Sturges, ilitoka mwaka 1960. Elmer Bernstein aliitungia muziki ulioteuliwa kuwania Oscar, na hata hivyo mwaka ule haikutolewa santuri ya muziki huo. Watu waliusikia kwenye majumba ya sinema, kisha wakauzoea kupitia matangazo ya sigara za Marlboro. Mwaka 1966 ilipotoka filamu iliyoufuata mkasa ule, Return of the Seven, ndipo Bernstein akakusanya okestra na kuupiga muziki wake upya, na hiyo ndiyo santuri iliyouzwa. Kanda za mwaka 1960 zilikaa gizani hadi 1998 ndipo zikatolewa kwenye diski. Kile ambacho mwandishi wenu anakiita halisi ni rekodi mpya, na aliyeipiga upya ni mtunzi mwenyewe.

Sisemi hivyo kumuumbua. Nami niliamini kama yeye kwa miaka mingi. Wala jambo hilo halikuwa la filamu moja tu. Marekani, kila kanda ya filamu ilipogeuzwa kuwa santuri, wanamuziki walioipiga walistahili kulipwa tena kwa mujibu wa mkataba wa chama chao, na makampuni mengi yaliona ni nafuu kukusanya okestra nyingine, mara nyingi ndogo zaidi, hata nje ya nchi, na kupiga upya. Kwenye majalada wakaandika kwamba ni muziki wa filamu yenyewe. Tumelelewa na rekodi za pili bila kujua, tukazipenda bila kuuliza tarehe.

Nilipiga tarumbeta katika bendi kwa miaka 27. Sasa meno ya mbele yamekwenda na midomo haishiki tena chombo, lakini masikio ninayo, na nayatumia kila siku. Kiongozi wetu wa bendi alitaka tuufungue kila utumbuizaji kwa muziki wa The Magnificent Seven, na nota hatukuwa nazo. Kazi ya kuzitafuta kwa masikio nilipewa mimi. Nilikuwa na kaseti iliyonakiliwa kutoka kwenye mkanda wa video, ambao nao ulikuwa umenakiliwa kutoka kwenye mkanda mwingine. Kwa wiki tatu nilikaa na penseli, daftari la nota na kaseti ile, narudisha nyuma, nasikiliza, nafuta, naandika. Mahadhi yenyewe niliyapata siku ya kwanza. Yale nadhani hata mtoto huyapata. Tatizo lilikuwa kile kilichokuwa chini yake. Nilisikia ngurumo tu, kitu kinachogonga, na nikaamua ni mwendo wa gwaride: moja, mbili, tatu, nne, sawasawa. Tuliupiga hivyo kwa miaka 9. Watu walipiga makofi.

Kisha nikapata diski ya muziki uleule, ya kiongozi James Sedares na okestra ya Phoenix Symphony, iliyorekodiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Niliiweka usiku, nikavaa hedifoni, na kwenye sekunde za kwanza kabisa nikajua tumekuwa tukikosea. Mdundo ule haugongi sawasawa. Vyombo vya shaba na ngoma vinaruka, vinatua pale ambapo sikio halitarajii, vinaachia nafasi, vinatua tena, na juu yake fidla zinatandaza mahadhi yale marefu kana kwamba hazina haraka na lolote. Bernstein alipata kueleza kwamba picha aliyoletewa ilikuwa inakwenda taratibu mno, basi akaamua muziki wake ukimbie kuliko picha, uivute. Mimi nilikuwa nimeuchukua muziki uliotungwa ili ukimbie nikaufundisha kutembea gwaride. Niliisikiliza ile diski mara nne usiku ule. Asubuhi nilitoa daftari langu la zamani kabatini nikaanza kufuta.

Ndiyo maana neno nakala limenichoma. Rekodi ile mpya ndiyo iliyonionyesha kilichoandikwa.

Hoja yangu nzima inasimama hapo. Ukitaka kuipima rekodi mpya ya muziki wa filamu, jiulize kwanza muziki huo unaishi wapi. Kuna muziki unaoishi kwenye karatasi: mtunzi ameuandika wote, kila chombo na sauti yake, na okestra yoyote nzuri ikipewa karatasi hizo itakuletea muziki uleule kwa pumzi nyingine. Kuna muziki mwingine unaishi kwenye utepe: mtunzi ameandika sehemu, na sehemu iliyobaki ni koo la mtu fulani, midomo ya mtu fulani, siku fulani, ndani ya chumba fulani. Mwandishi wenu amezitia zote kwenye kapu moja, na hapo ndipo ninapotofautiana naye.

Chukua The Big Country ya mwaka 1958, filamu ya William Wyler aliyoigiza Gregory Peck, muziki wa Jerome Moross. Moross alizaliwa Brooklyn mwaka 1913, mtoto wa mjini. Mwaka 1936 alisafiri kwa basi kuelekea magharibi, akashuka Albuquerque, akatembea hadi mwisho wa mji, akaiona ardhi tambarare bila kizuizi na milima imeizunguka kwa mbali. Miaka 22 baadaye akakiandika alichokihisi siku ile. Mwanzo wa filamu, wakati magurudumu ya gari la farasi yanazunguka na kwato zinapiga vumbi kwenye majina yaliyosanifiwa na Saul Bass, fidla zinazunguka nazo, kasi, bila kupumua, halafu vyombo vya shaba vinaingia na anga yote inafunguka. Mimi ni mtu wa shaba na sina kawaida ya kuwasifu wapiga fidla mbele za watu, lakini ukurasa ule ni wao.

Muziki wote huo uko kwenye karatasi. Moross alikuwa mpangaji hodari wa okestra, aliyefanya kazi hiyo miaka kwa ajili ya watunzi wengine kabla ya kupewa filamu kubwa za kwake. Mwaka 1988 Tony Bremner aliusimamisha mbele ya Philharmonia ya London, na kampuni ya Silva Screen ikaurekodi. Moross alikuwa amefariki mwaka 1983, hakuusikia. Mimi niliusikia, na kuna sehemu moja ninataka mwandishi wenu aitafute. Ni ile Meja Terrill, mfugaji tajiri, anapoingia korongo la Blanco akiwa peke yake juu ya farasi, kwa sababu watu wake wamekataa kumfuata. Halafu Leech, msimamizi wake, yaani Charlton Heston, anamfikia na kuwa sambamba naye bila kusema kitu. Halafu wengine mmoja mmoja. Kwenye filamu unaona nyuso na unasikia kwato, na muziki unafanya kazi yake nyuma ya kwato hizo. Kwenye rekodi mpya hakuna farasi. Unasikia muziki peke yake ukijengwa, kila anayejiunga akiwa na uzito wake, na unaelewa kwamba Moross alikuwa amelisimulia tendo zima lile kwa vyombo, na kwamba hata bila picha ungejua mtu mmoja ameingia mahali pabaya na wenzake wameshindwa kumwacha. Nimeitazama filamu ile labda mara ishirini. Sehemu hiyo niliielewa kwa kusikiliza tu.

Mwandishi wenu anauliza kwa nini watu wahangaike kurekodi wakati kanda za kwanza zipo. Zipo zipi? Studio za Hollywood ziliumiliki muziki uliotungwa na waajiriwa wao kama zilivyomiliki viti na mavazi. Filamu ikishatoka, karatasi za nota zilikuwa takataka zinazojaza chumba. Mwishoni mwa miaka ya 1960 studio ya MGM ilizitupa nota za okestra za filamu zake, miaka na miaka ya kazi, zikaenda jalalani. Kanda nazo ziliharibika au zilifutwa. Na muziki wa miaka ya 1930 na 1940 ulirekodiwa juu ya filamu yenyewe kwa mwanga, sauti moja tu isiyo na kushoto wala kulia, na sauti za juu zikapunguzwa ili mlio wa spika za majumba ya sinema usikwaruze. Ukichukua kanda hiyo ukaisafisha kwa kompyuta utapunguza vumbi. Huwezi kurudisha kile ambacho hakikuingia.

Bahati ni kwamba watunzi wenyewe, au familia zao, walihifadhi rasimu. Karatasi za Max Steiner ziko Brigham Young University huko Utah. Steiner alikuwa akiandika kwa penseli kwenye mistari michache, na pembeni anamwandikia mpangaji wake maelezo: hapa weka hiki, hapa fanya vile. Rasimu za Dimitri Tiomkin zilihifadhiwa University of Southern California. Kutoka kwenye rasimu kama hizo ndipo John Morgan anakaa miezi anaurudisha muziki chombo kwa chombo, akilinganisha karatasi na filamu, na mahali karatasi inaponyamaza anasikiliza filamu mpaka aipate nota. Nilipolisoma hilo niliikumbuka kaseti yangu na penseli yangu. Mimi nilikuwa na dakika mbili za muziki. Yeye alikuwa na zaidi ya saa nzima, na mazungumzo ya waigizaji yakiwa juu yake.

Kazi ya Morgan na kiongozi wa okestra William Stromberg ndiyo iliyotuletea They Died with Their Boots On, filamu ya mwaka 1941 yenye muziki wa Steiner, na pia Red River ya mwaka 1948 yenye muziki wa Tiomkin. Zote mbili zilipigwa na Moscow Symphony Orchestra. Mwandishi wenu ameliona hilo kuwa kichekesho, kwamba nyimbo za wachunga ng'ombe wa Texas ziimbwe na kwaya ya Moscow yenye lafudhi ya Kirusi. Hapa namwomba asimame kidogo.

Tiomkin alizaliwa Kremenchuk, Ukraine, mwaka 1894. Alisoma muziki St. Petersburg. Alifika Marekani akiwa mtu mzima na alizungumza Kiingereza kwa lafudhi nzito mpaka siku zake za mwisho. Huyo ndiye aliyewapa Wamarekani sauti ya nyika zao. Alipoulizwa mtu wa kutoka kwake aliwezaje kuyajua maisha ya kauboi, jibu lake lilikuwa kwamba nyika ni nyika, na shida za kauboi na za mpanda farasi wa Kikozaki, wale wa nyika za Ukraine na Urusi, zinafanana. Isikilize Red River kwa masikio hayo. Ng'ombe wanapoanza kuswagwa kutoka Texas, watu wakipiga mayowe, kwenye filamu unapata mayowe na milio ya ng'ombe, na kwaya inazama humo. Kwenye rekodi ya Moscow kwaya inasimama wima, besi za wanaume zinatoka chini kabisa, na ghafla unazisikia kwaya za makanisa ambazo Tiomkin alikua akizisikia. Lafudhi ile haijauharibu muziki. Nadhani imeurudisha nyumbani kwao, na ninalisema hilo nikiwa na uhakika wa masikio yangu tu.

Mahadhi ya Red River, kwa njia, Tiomkin hakuyaacha. Aliyatumia tena mwaka 1959 kwenye Rio Bravo, yakapewa maneno mapya. Mtunzi mwenyewe hakuona dhambi kuupiga muziki wake tena, na kwa namna nyingine. High Noon ya mwaka 1952, iliyompatia Oscar mbili, moja ya muziki na moja ya wimbo, inaanza kwa sauti ya Tex Ritter. Lakini mwaka uleule mwimbaji Frankie Laine alirekodi wimbo huohuo na santuri yake ndiyo iliyovuma zaidi Marekani. Na Hugo Montenegro? Miaka miwili tu baada ya The Good, the Bad and the Ugly kutoka, alirekodi upya mahadhi ya filamu hiyo na mwaka 1968 yakashika nafasi ya kwanza Uingereza. Kurekodi upya kulianza zamani, na watunzi na waimbaji wakubwa walikuwamo.

Sasa niseme lile ambalo mwandishi wenu yuko sahihi, maana yapo.

Rekodi mpya nyingi zinapigwa polepole mno. Hili linanikera kama mtu wa bendi. Kiongozi anazipenda nota, anataka zote zisikike, basi anapunguza mwendo, na farasi waliokuwa wanakimbia wanaanza kutembea. Okestra inakuja studio asubuhi, nota imewekwa mezani siku hiyohiyo, wanasoma na kurekodi ndani ya kikao cha saa tatu. Wanacheza safi. Lakini wale wa Hollywood walikuwa waajiriwa wa kudumu wa studio mpaka mgomo wa wanamuziki wa mwaka 1958 ulipouvunja utaratibu huo. Walikaa pamoja kila siku, mwaka baada ya mwaka, wakajuana pumzi. Mpiga tarumbeta wa kwanza akivuta hewa, wa pili alijua nota itakuwa na ukali gani. Kitu hicho hakiandikwi. Pia kumbi nyingi za siku hizi zina mwangwi mwingi. Studio za zamani za kurekodia filamu zilikuwa kavu, ngoma ikipigwa inakufa hapohapo, ndiyo maana mdundo uliuma. Ukiupeleka mdundo uleule kwenye ukumbi mkubwa wa tamasha unakuwa wingu.

Kwa hiyo nazichagua. Nic Raine na City of Prague Philharmonic, kwenye studio ya Smecky mjini Prague, wamepiga muziki mwingi wa aina hii chini ya mtayarishaji James Fitzpatrick: The Alamo ya Tiomkin, True Grit ya Bernstein, na nyingine. Raine alikuwa mpangaji wa John Barry kwa miaka, anaujua muziki wa filamu kutoka jikoni kwake. Ninaipenda The Alamo yake kwa sababu ya ukamilifu. Inaupa nafasi muziki ambao kwenye filamu unafunikwa na mizinga.

Na hapo kwenye The Alamo ndipo penye Degüello, ule wito wa tarumbeta wa kutangaza kwamba hakuna atakayesamehewa. Tiomkin alikuwa ameutumia mwaka mmoja kabla kwenye Rio Bravo. Nota zake ni chache. Mwanafunzi wa miaka miwili anaweza kuzipiga bila kukosea hata moja. Nimezipiga mara nyingi, na naweza kusema kwamba Degüello inakaa kwenye karatasi: ukifuata kilichoandikwa, ukawa na sauti nzuri na subira, itamshika msikilizaji.

Sergio Leone, mwongozaji wa filamu wa Italia, aliipenda mno. Alipokuwa anaikata A Fistful of Dollars mwaka 1964 aliiweka Degüello kwenye pambano la mwisho na akataka ibaki. Mtunzi wake, Ennio Morricone, alikataa. Mwishowe alichukua mahadhi yake mwenyewe, aliyokuwa ameyatunga awali kwa ajili ya televisheni, akayapa tarumbeta lenye madoido yale ya kulia, na akamwita Michele Lacerenza alipige. Nimelijaribu tarumbeta lile kwa miaka. Nota ninazo, sahihi, kila moja. Sijawahi kulipata hata mara moja. Lacerenza anaichelewesha nota mahali ambapo karatasi haisemi achelewe, anaipinda, anaiacha itetemeke mwishoni kama mtu anayejizuia kulia. Hayo hayamo kwenye nota. Yamo kwenye pumzi ya mtu mmoja.

Huo ndio muziki unaoishi kwenye utepe. Mluzi wa Alessandro Alessandroni. Sauti ya Edda Dell'Orso isiyo na maneno. Mjeledi, kengele, nyundo kwenye chuma. Kwenye The Good, the Bad and the Ugly, mahadhi yaleyale ya nota mbili, yanayoiga mlio wa koyoti, mbwa mwitu mdogo wa Marekani, Morricone anampa kila mmoja wa waigizaji watatu wakuu kwa chombo chake: filimbi kwa Eastwood, okarina kwa Van Cleef, sauti ya binadamu kwa Wallach. Na Once Upon a Time in the West, ya mwaka 1968, muziki ulirekodiwa kabla ya kupiga picha na ukachezwa mbele ya waigizaji, wakatembea kwa mwendo wake. Rekodi gani mpya itachukua nafasi ya hiyo? Harmonika ile ya Franco De Gemini imeshaingia kwenye miguu ya waigizaji.

Ndiyo, najua watu watanitajia tamasha la Copenhagen la mwaka 2018, Danish National Symphony Orchestra chini ya Sarah Hicks, video iliyotazamwa na mamilioni. Nimeitazama pia, na nimeipenda kwa dhati. Tuva Semmingsen anasimama pale na sauti yake na huwezi kuondoa macho. Lakini angalia kwa nini inafaulu: hawakujaribu kuwa Roma ya mwaka 1966. Walijionyesha ni akina nani, watu wa okestra wenye mavazi meusi wanaoufurahia muziki, na kila mmoja alitia pumzi yake. Wanaojaribu kuiga mluzi wa Alessandroni nota kwa nota ndio wanaonihuzunisha, na kwa hao, mwandishi wenu, tuko pamoja.

Kwa makampuni nina ombi moja. Andikeni kwenye jalada muziki umetoka kwenye karatasi zipi: rasimu ya mtunzi, nota kamili, au masikio ya mtu aliyekaa na filamu. Mnunuzi anastahili kujua. Na andikeni pia kama mmeongeza au mmepunguza, maana nimekutana na diski yenye sehemu iliyopangwa upya bila neno hata moja la maelezo, na ilinichukua muda mrefu kuelewa kwa nini baragumu pale halikuwa kama ninavyolikumbuka.

Bernstein mwenyewe alirudi kwenye The Magnificent Seven miaka ya 1990, akiwa amevuka umri wa miaka 70, akaupiga tena na Royal Scottish National Orchestra. Sijui mtu anayeweza kumwambia mzee yule, mbele ya karatasi alizoziandika kwa mkono wake, kwamba anatengeneza nakala.

Mwandishi wenu akikubali, namwalika. Diski ya mwaka 1998 ninayo, ile yenye kanda za 1960, na nitamwazima. Aiweke kwanza, kisha aweke santuri ya baba yake, kisha ile ya Phoenix. Asitazame picha. Ayaache mahadhi ya fidla yapite, kwa kuwa tayari anayajua, na masikio yake yaende chini, kwenye shaba na ngoma, dakika ya kwanza tu. Daftari langu la nota nitaliweka ndani ya bahasha pamoja na diski, lenye alama za kifutio bado juu yake, ili aone ni wapi nilikuwa nimekosea.

Ni mimi msomaji wenu,
Mpiga tarumbeta mstaafu